Mpango wa Mtaa Baada ya Kura ya Maoni: Lini Huwa Sheria?

Kura ya maoni si jambo geni kwa wananchi wa Visiwa hivi. Tarehe 31 Julai, 2010 wapiga kura wa Unguja na Pemba waliulizwa suala moja tu juu ya kuwepo kwa Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na asilimia 66.4 kati yao wakajibu ndio. Katiba haikubadilika usiku ule matokeo yalipotangazwa. Ilibadilika pale Baraza la Wawakilishi lilipokutana mwezi wa Agosti na kupitisha Marekebisho ya Kumi. Kura ilitoa ridhaa, na chombo cha kutunga sheria kikaiandika ridhaa hiyo katika lugha ya sheria. Baina ya mambo hayo mawili pana nafasi ambayo aghlabu haiangaliwi, nayo ndiyo inayohusika katika somo hili.

Mfano unaofaa kuisoma nafasi hiyo hautoki katika mambo makubwa ya dola, bali katika jambo dogo la mtaa: nyumba zijengwe wapi, kiwanja kipi kiachwe wazi, na nani ajenge nini. Katika England, ambayo ni sehemu moja ya Uingereza, Sheria ya Mamlaka za Mitaa ya mwaka 2011 iliwapa wakaazi haki ya kujitungia wenyewe mpango wa matumizi ya ardhi ya mtaa wao, na kuupigia kura. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao, na hazimo katika maelezo haya.

Ieleweke kwanza kwamba mpango wa namna hii si orodha ya maombi yanayopelekwa kwa wakubwa. Ukishakamilika, huwa sehemu ya mpango rasmi wa maendeleo wa eneo husika, sawa na ule uliotungwa na halmashauri yenyewe. Ofisa anapopokea ombi la kujenga, sheria inamtaka aliamue kwa kufuata mpango huo, isipokuwa pakiwepo sababu nyengine nzito ya kuamua kinyume chake. Kwa hivyo sentensi moja iliyoandikwa na wakaazi katika ukumbi wa kijiji inaweza kumnyima tajiri kibali cha kujenga. Kwa sababu hiyo, sheria haikuruhusu sentensi hiyo iandikwe ovyo.

Kazi huanza na mpaka. Palipo na baraza la kijiji au la mji mdogo, baraza hilo ndilo lenye haki ya kuongoza shughuli. Pasipo na baraza, wakaazi huunda jumuiya ya mtaa yenye watu wasiopungua 21, nayo huomba kutambuliwa na halmashauri. Utambulisho huo hudumu miaka mitano. Eneo likishatangazwa, hufuata kukusanya taarifa, kuandika rasimu na kuitangaza kwa wiki sita ili kila anayeishi au kufanya kazi pale atoe maoni yake. Rasimu husahihishwa, hukabidhiwa kwa halmashauri, na halmashauri nayo huitangaza kwa wiki sita nyengine. Hatua hizi hazina mvuto, na mara nyingi huchukua miaka.

Katika kukabidhi rasimu kuna waraka mmoja ambao ofisa yeyote wa Serikali angefaa kuuangalia kwa makini. Wakaazi wanalazimika kuambatanisha maelezo yanayoonesha ni nani walioulizwa, waliulizwa kwa njia gani, walilalamikia nini, na kila lalamiko lilishughulikiwa vipi. Haitoshi kuandika kwamba "wananchi walishirikishwa kikamilifu". Sentensi hiyo imeandikwa katika ripoti nyingi za nchi nyingi, na haimwambii msomaji chochote. Waraka unaotakiwa hapa unamwambia, kwa mfano, kwamba wenye mashamba walilipinga pendekezo fulani, na kwamba pendekezo hilo ama liliondolewa kwa sababu hii, ama lilibakizwa kwa sababu ile.

Kisha huja mchunguzi huru. Huyu huteuliwa na halmashauri kwa kukubaliana na waandishi wa mpango, naye hatakiwi kuwa na maslahi yoyote katika ardhi ya eneo lile. Kazi yake si kupima kama mpango ni mzuri. Hupima kama unakidhi masharti ya msingi: kwamba umezingatia sera ya taifa, unasaidia maendeleo endelevu, unalingana kwa jumla na sera kuu za halmashauri, na haukiuki haki za binaadamu na wajibu mwengine wa kisheria. Hapa ndipo wakaazi wengi huvunjika moyo. Mtu hudhani kwamba mpango wa mtaa ni ngao ya kuzuia ujenzi. Sivyo. Ikiwa mpango mkuu wa halmashauri umelipangia eneo nyumba mia mbili, mtaa hauwezi kuandika mia moja. Unaweza kuongeza, unaweza kusema zikae upande gani na ziwe za namna gani, lakini hauwezi kupunguza. Mchunguzi akikuta kifungu kinachovunja sharti hilo hupendekeza kifutwe au kibadilishwe, na kwa kawaida halmashauri hufuata pendekezo lake.

Baada ya hayo yote ndipo kura inapopigwa. Suala lililomo katika karatasi ya kura limewekwa na kanuni, na hakuna anayeweza kulipamba. Kwa maana yake, mpiga kura huulizwa kama anataka halmashauri iutumie mpango wa mtaa huo kuisaidia kuamua maombi ya ujenzi katika eneo lake. Jawabu ni ndio au hapana. Hapana nafasi ya kusema "ndio, lakini ukurasa wa kumi uondolewe". Aliyekuwa na neno juu ya ukurasa wa kumi alipaswa kulisema katika zile wiki sita, au katika wiki sita za pili. Mpango hupita ukipata zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa, na sheria haikuweka kiwango cha chini cha mahudhurio. Wakijitokeza watu mia tatu katika mji wa watu elfu tano, kura mia moja na hamsini na moja zinatosha.

Jambo hilo la mwisho limelaumiwa, na lawama ina uzito wake. Kwa upande mwengine, kiwango cha lazima kingempa nguvu asiyekwenda kupiga kura, kwani kukaa kwake nyumbani kungehesabika kuwa ni kukataa.

Kura ya kwanza kabisa chini ya sheria hii ilipigwa tarehe 7 Machi, 2013 katika bonde la Upper Eden, kaskazini mwa England, eneo la vijiji vilivyotawanyika na wafugaji wa kondoo. Waliojitokeza walikuwa thuluthi moja ya waliosajiliwa, na kati yao watu tisa katika kila kumi walisema ndio. Dhiki yao ilikuwa ya wazi. Kijana wa mkulima akioa hakuwa na pa kujenga, kwa kuwa sera za wilaya zilizuia nyumba mpya mashambani, na nyumba zilizokuwepo zilikuwa zikinunuliwa na wenye fedha wa mijini. Mpango wao ukalegeza zuio hilo kwa ajili ya nyumba za jamaa za wakulima na za wenyeji. Halmashauri ya Wilaya ya Eden iliupitisha mwezi uliofuata. Halmashauri hiyo ilivunjwa mwaka 2023 katika mageuzi ya serikali za mitaa, na majukumu yake yakachukuliwa na halmashauri mpya.

Katika siku hizo za mwanzo, mpango uliokubaliwa na wapiga kura haukuwa na nguvu kamili mpaka halmashauri ikae kikao na kuupitisha rasmi. Kikao kikichelewa, ombi la ujenzi lililokuwa mezani lingeweza kuamuliwa kana kwamba wananchi hawakusema kitu. Sheria ya Mipango ya Mitaa ya mwaka 2017 iliuziba mwanya huo. Tangu hapo mpango huingia katika mpango rasmi wa maendeleo mara tu unapokubaliwa katika kura ya maoni. Halmashauri bado inatakiwa kuupitisha, na kanuni zinaipa wiki nane baada ya kura, lakini kuchelewa kwake hakuufanyi mpango kuwa karatasi tupu. Ruhusa pekee iliyonayo ya kukataa ni pale itakapoona kwamba kuupitisha kutavunja haki za binaadamu au wajibu mwengine uliotajwa na sheria. Diwani asiyeupenda mpango hana pa kusimama kwa sababu tu ya kutokuupenda.

Mfano uliozungumzwa kuliko yote ni wa St Ives, mji wa bahari katika jimbo la Cornwall, na mkaazi wa visiwa hatapata tabu kuufahamu. St Ives ulikuwa mji wa wavuvi. Sasa unaishi kwa wageni. Kufikia mwaka 2011, nyumba kama moja katika kila nne ilikuwa haina mkaazi wa kudumu: ama ilikuwa nyumba ya pili ya mtu anayeishi kwengine, ama ya kukodisha kwa watalii. Kiangazi mji hujaa. Kipindi cha baridi mitaa mizima hubaki giza. Mtoto aliyezaliwa pale, akasoma skuli ya pale na kupata kazi katika hoteli ya pale, hakuweza kununua nyumba pale.

Mpango wao uliandika kwamba nyumba mpya za kuuzwa sokoni zitakubaliwa tu kwa sharti la kuwa makaazi makuu ya mtu atakayezikaa. Tarehe 5 Mei, 2016 mpango huo ukapigiwa kura, na zaidi ya asilimia 80 ya waliopiga kura wakaukubali. Kampuni moja ya usanifu majengo ikaupinga katika Mahkama Kuu. Ilidai kwamba njia mbadala, ikiwemo ya kujenga nyumba nyingi zaidi, hazikuchunguzwa ipasavyo, na kwamba sharti lile linaingilia haki ya mtu ya kuwa na makaazi yake. Mwezi wa Novemba 2016 Jaji Hickinbottom aliitupilia mbali kesi hiyo.

Mahkama haikusema kwamba sharti la St Ives lilikuwa la busara. Ilisema kwamba lilipitishwa kwa njia ya halali. Hoja kwamba kura nyingi ziliunga mkono isingetosha kuliokoa, kwa sababu wingi wa kura hausahihishi utaratibu uliokiukwa. Kilichoupa mpango nguvu ya kusimama mbele ya jaji ni ile kazi isiyo na mvuto iliyofanywa kabla: takwimu zilizokusanywa, njia mbadala zilizopimwa, na ripoti ya mchunguzi. Ndiyo maana katika kila hatua ya mpango, kuanzia uamuzi juu ya ripoti ya mchunguzi mpaka kupitishwa, sheria imeweka muda wa wiki sita tu wa kufungua kesi.

Wapo waliosema tangu mwanzo kwamba sharti hilo haligusi nyumba zilizokwisha kujengwa, na kwamba mwenye fedha aliyezuiwa nyumba mpya atakwenda kununua ya zamani na kuipandisha bei. Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa. Mpango wa mtaa huongoza ujenzi na mabadiliko ya matumizi ya ardhi yanayohitaji kibali. Hauna mamlaka juu ya mauzo ya nyumba iliyokwisha kusimama. Watu wa St Ives walitumia chombo walichokuwa nacho, nacho kilikuwa kifupi kuliko tatizo.

Kulinganisha na Whitby, mji mwengine wa pwani upande wa kaskazini mashariki, kunafundisha zaidi. Huko nako nyumba za pili zimewaelemea wenyeji. Tarehe 13 Juni, 2022 wakaazi wa Whitby walipiga kura, na zaidi ya asilimia 90 ya waliojitokeza wakataka nyumba mpya ziwe za wakaazi wa kudumu. Ushindi ulikuwa mkubwa kuliko wa St Ives. Asubuhi yake hapakuwa na kilichobadilika katika sheria. Kura ile ilikuwa ya aina nyengine, kura ya maoni ya mji ambayo mkutano wa wakaazi unaweza kuiitisha juu ya jambo lolote linalowahusu. Haikuwa na rasimu nyuma yake, haikuwa na mchunguzi, wala hapakuwa na halmashauri iliyofungwa kuifuata. Ilikuwa sauti, na sauti ina thamani yake katika siasa, lakini ofisa anayeamua kibali hawezi kuinukuu kama kifungu.

Mtumishi anayeandaa mkutano wa wananchi, na mwananchi anayekwenda kuuhudhuria, wote wana haki ya kuuliza kabla ya mikono kunyooshwa: uamuzi huu unamfunga nani? Ikiwa jawabu ni kwamba haumfungi yeyote, basi ielezwe hivyo mapema. Watu hukubali kutoa ushauri wakijua kwamba ni ushauri. Wanachokichukia ni kuambiwa wameamua, kisha kuona matrekta yakifanya kinyume.

Wapo pia waliokataa. Mwaka 2016 wapiga kura wa kijiji cha Swanwick, katika Derbyshire, waliupigia kura ya hapana mpango wa kijiji chao, jambo lililokuwa nadra sana. Mpango uliokataliwa hauna nguvu yoyote, na eneo hubaki chini ya mpango wa halmashauri peke yake. Miaka ya kazi hupotea, ingawa taarifa zilizokusanywa hubaki, na wakaazi wakitaka wanaweza kuanza tena.

Kukubali nako kuna faida ya fedha. Wajenzi hutozwa na halmashauri ada ya miundombinu, mahali ambapo ada hiyo imeanzishwa. Mtaa usio na mpango hupata asilimia 15 ya ada iliyotokana na ujenzi wa eneo lake, tena kwa kikomo. Mtaa wenye mpango uliopita hupata asilimia 25 bila ya kikomo hicho. Kwa upande wa gharama hali imekuwa ngumu zaidi, kwani mwaka 2025 Serikali ya Uingereza ilitangaza kuwa haitoendelea kutoa fedha mpya za msaada kwa mitaa inayotayarisha mipango. Mitaa yenye wastaafu wenye elimu na nafasi itaendelea. Mitaa ya watu wanaofanya kazi mbili kwa siku ndiyo itakayoshindwa.

Mji wa Zanzibar una historia ndefu ya mipango, na ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwingereza Lanchester aliandika wake mwaka 1923. Mwaka 1958 ulitoka mwengine wa Kendall na Mill. Mwaka 1968 walikuja wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, na majumba ya Michenzani ni kumbukumbu ya fikra za zama hizo. Mwaka 1982 Wachina wakatayarisha mpango mkuu, na mwaka 1994 ukafuata mpango wa hifadhi ya Mji Mkongwe uliotayarishwa kwa mashirikiano na Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni. Kila mmoja ulikuwa na wataalamu wake na ramani zake. Hakuna hata mmoja ambao mkaazi wa Kikwajuni, Miembeni au Malindi aliwekewa karatasi ya ndio na hapana.

Kazi iliyopewa jina la "Ng'ambo Tuitakayo" katika muongo wa 2010 ilikwenda njia tofauti kidogo. Idara ya Mipango Miji na Vijiji, ikishirikiana na wataalamu kutoka Uholanzi, iliwauliza wakaazi wa Ng'ambo ni mahali gani wanapopathamini: baraza gani, kiwanja kipi, msikiti upi, jumba gani la sinema la zamani. Majibu yakawekwa katika ramani. Hiyo haikuwa kura, na haikudaiwa kuwa kura. Lakini ni aina ile ile ya kazi ya awali ambayo bila ya kuwepo kwake kura ya St Ives isingesimama mahkamani. Sheha mwenye daftari linaloonesha mpaka wa shehia yake, njia za maji ya mvua, viwanja vya wazi na malalamiko yaliyopokewa pamoja na jawabu la kila moja, ameshaifanya sehemu ngumu zaidi, hata kama sheria ya kura ya mtaa haipo.

Kwa wenye jamaa walioko England, taarifa hii ya mwisho inawahusu. Anayestahiki kupiga kura ya mpango wa mtaa ni yule aliyemo katika daftari la wapiga kura wa serikali za mitaa kwa eneo hilo, na daftari hilo haliwahusu raia wa Uingereza peke yao. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, Tanzania ikiwa miongoni mwao, aliyetimiza miaka 18 na anayeishi huko kihalali, ana haki ya kuandikishwa. Siku ya mwisho ya kuomba kuandikishwa ni siku 12 za kazi kabla ya siku ya kura. Tangu mwaka 2023 mpiga kura anayekwenda kituoni anatakiwa kuonesha kitambulisho chenye picha, na paspoti ya Tanzania inakubaliwa.